Ujaze lini, ukaushe lini? Kalenda ya misuli isiyo na sindano, Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka ikifika Aprili, vijana wanaopiga vyuma Mwanjelwa, Uyole na Kihesa huanza kupunguza wali. Ukiwauliza sababu, wengi watakuonyesha simu: kwenye video, kila mwenye misuli ametangaza kuwa muda wa kukausha mwili umefika. Na kweli umefika, ila kwa watu wa Ulaya na Marekani. Kwao joto linaanza Juni, watu wanavua mashati na kwenda baharini, kwa hiyo miezi mitatu kabla ya hapo wanaondoa mafuta waliyoyalimbikiza wakati wa baridi. Mbeya, Juni ni mwezi wa koti. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, Makete sakitu inaunguza viazi shambani, na tumbo lako halionwi na mtu isipokuwa blanketi. Tena ndio msimu ambao mahindi, maharage na mpunga vimetoka shambani na bei imelegea. Kijana anajinyima chakula kikiwa rahisi, halafu anaanza kujaza mwili Januari, debe limeshapanda na nyumbani kuna ada za shule.

Kabla ya kupanga kalenda yetu, tuelewane kwanza inapanga nini. Kujaza, au kubalki kama wasemavyo jimu, ni kipindi cha kula kupita kidogo kile mwili unachotumia, ili mazoezi yapate malighafi ya kujengea misuli. Kukausha ni kinyume: unakula pungufu, mwili unachota akiba ya mafuta, na kazi yako kubwa ni kuuzuia usichote na misuli. Vipindi hivi hutenganishwa kwa sababu mtu aliyekwisha piga vyuma miaka kadhaa mara nyingi hawezi kujenga misuli ya maana huku chakula kikiwa pungufu. Mgeni wa vyuma anaweza. Mwenye kitambi anaweza. Aliyeacha mazoezi mwaka mzima akarudi naye anaweza, maana misuli iliyowahi kuwepo hurudi upesi kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza. Hao watatu hawahitaji msimu wowote. Wale protini ya kutosha, walale, waongeze uzito wa vyuma taratibu. Nalisema hili mapema kwa sababu mabishano mengi ya kujaza na kukausha huendeshwa na watu ambao bado hayawahusu.

Mwendo wa mwili usio na dawa

Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Shalender Bhasin na wenzake. Wanaume 43 waligawanywa katika makundi manne kwa wiki 10. Kundi moja lilidungwa testosteroni, homoni ya kiume inayojenga misuli, miligramu 600 kila wiki bila mazoezi. Jingine lilifanya mazoezi na kudungwa sindano isiyo na dawa. La tatu lilipata dawa na mazoezi, la nne halikupata dawa wala mazoezi. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza takriban kilo 2 za mwili usio mafuta. Waliodungwa wakakaa tu waliongeza kama kilo 3. Waliounganisha vyote viwili, kilo 6.

Yaani aliyekaa kitini na sindano alimpita aliyetoka jasho bila sindano. Ndiyo maana kalenda ya mtu wa dawa haikufai. Yeye anaweza kula ovyo, kisha akakausha kwa pupa, na dawa ikamlindia misuli yake. Ratiba za kuongeza kilo 10 kwa miezi mitatu na kukauka kwa wiki sita zimetokana na miili ya namna hiyo, hata mwenye mwili asipokiri. Kuhusu vichupa vinavyouzwa kwa kunong'onezana, sina mengi: moyo, ini na uwezo wa kupata mtoto ndivyo vinavyowekwa rehani, na yaliyomo ndani ya kichupa anayajua aliyekijaza.

Sasa tufanye hesabu ya mtu asiyetumia kitu. Mwanaume wa kilo 70, amepiga vyuma kwa nidhamu miaka mitatu. Akila vizuri, akalala, akafanya mazoezi mwaka mzima bila kukatisha, kuongeza kilo 2 za misuli ni mafanikio makubwa. Gawanya kwa miezi 12, hazifiki gramu 170 kwa mwezi. Na misuli yenyewe, robo tatu yake ni maji. Chakula cha ziada kinachohitajika kujenga kiasi hicho ni kidogo mno.

Mtazame basi anayejaza kwa fujo. Anakula kalori 700 za ziada kila siku kwa siku 120, jumla 84,000. Kilo moja ya mafuta mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo kwenye karatasi anakaribia kilo 11. Mwili hauhifadhi kila kinachoingia, tuseme amepata 8. Kati ya hizo, misuli ya miezi minne kwa mwendo tuliouona haifiki kilo 1. Zilizobaki ni mafuta, na kuyaondoa bila kuumiza misuli kutamchukua miezi mitatu na nusu hadi minne, muda ambao hajengi chochote. Mwaka umekwisha, shati ni lilelile.

Wapo watakaosema kula sana hakupotei bure, kwamba chakula kikizidi na misuli itazidi. Ina Garthe na wenzake huko Norwei walilipima jambo hili kwa wanamichezo, wakachapisha mwaka 2013. Kundi lililosimamiwa ili kula zaidi lilipita kwa takriban kalori 600 kwa siku lile lililojilia kwa hamu yake. Baada ya wiki 8 hadi 12, tofauti ya misuli ilikuwa ndogo, kilo 1.7 dhidi ya 1.2. Mafuta yaliongezeka kwa asilimia 15 upande mmoja na asilimia 3 upande wa pili. Misuli ina mlango mwembamba, na kinachosukumwa zaidi ya upana wake kinakwenda kiunoni.

Kiwango kinachoshauriwa kwa asiyetumia dawa ni kuongezeka robo hadi nusu ya asilimia ya uzito wako kwa wiki. Kwa kilo 70 ni gramu 175 hadi 350, na mzoefu ashike ule upande wa chini. Kwa lugha ya jikoni, anahitaji kalori 200 hivi juu ya mlo wake wa kawaida: glasi ya maziwa yasiyoondolewa mafuta na yai moja la kuchemsha. Najua inakatisha tamaa. Watu huja wakitarajia waambiwe sahani mbili za wali usiku na trei ya mayai kwa wiki, nao wanaambiwa glasi ya maziwa ya Rungwe. Mgeni wa miezi michache anaweza kwenda mara mbili ya hapo, maana mwili wake unapokea haraka zaidi. Aliyekonda sana naye apewe nafasi. Wengine, maziwa na yai.

Kwa kuwa mwendo ni wa polepole, muda lazima uwe mrefu. Kujaza kwa wiki nane kisha kukausha wiki nane ni kuzunguka palepale. Mabadiliko ya wiki nane kwa mzoefu ni madogo hata mizani haiwezi kuyatofautisha na maji. Miezi sita hadi minane ndiyo inayoonyesha kitu. Na cha kukusimamisha kisiwe kioo, kwa sababu kioo hubadilika kwa mwanga na kwa hali ya moyo wa mtazamaji. Chukua futi kamba ya fundi cherehani. Pima kiuno usawa wa kitovu, asubuhi, kabla ya kula. Kipimo cha afya kinachotumika sana ni kiuno kisichofika nusu ya urefu wako, yaani mtu wa sentimita 170 asifike 85. Mimi ningeanza kujaza nikiwa sentimita 6 au 7 chini ya hapo, na nikibakiza mbili ningeacha, miezi iwe imetimia au haijatimia. Aliyeshavuka hana sababu ya kujaza kwa sasa. Aanze na kukausha.

Kukausha ni kulinda

Garthe huyohuyo, mwaka 2011, aliwagawa wanamichezo 24 makundi mawili ya kupunguza uzito. Wa polepole walishuka asilimia 0.7 ya uzito wao kwa wiki, wa haraka asilimia 1.4. Wote walinyanyua vyuma mara nne kwa wiki na wote walifika walikokusudia kufika. Wale wa polepole, huku wakipungua, waliongeza mwili usio mafuta kwa asilimia 2.1. Wa haraka hawakuongeza kitu. Kwa hiyo mwendo unaofaa ni nusu asilimia hadi asilimia moja kwa wiki, na kadiri unavyokonda ndivyo unavyopaswa kuusogeza chini, kwa sababu mafuta yakipungua mwili unazidi kuitazama misuli kama kuni za akiba.

Kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza ni protini. Wakati wa kujaza, gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili zinatosha. Wakati wa kukausha kaa kwenye ile 2.2 au uipite kidogo. Mtu wa kilo 70 anazungumzia gramu 150 kwa siku, na hapo ndipo mfuko unapolalamika. Ugali unaupunguza bure, lakini dagaa hawapunguziki. Nyama ya kila siku si lazima. Gramu 50 za dagaa wakavu zina protini kama 30, yai moja lina 6, glasi ya maziwa 8, gramu 100 za maharage makavu zinakaribia 21. Usipa wa Ziwa Nyasa wanafanya kazi ileile ya dagaa wa Kigoma. Ukichanganya hivi unafika bila kumchinja kuku kila jioni.

La pili ni uzito wa chuma. Kuna imani sugu kwamba ukijaza unabeba vizito, ukikausha unabeba vyepesi mara nyingi ili "uchonge". Mafuta hayachongwi na chuma, yanaondolewa na chakula pungufu. Chuma kizito ndicho kinachouambia mwili kuwa misuli hii bado ina kazi. Punguza idadi ya seti, yaani mizunguko ya kunyanyua, kama umechoka, uzito ubaki karibu na ulipokuwa.

Na usikae huko muda mrefu. Wiki 8 hadi 12 zinatosha kwa asiyekwenda jukwaani. Kwa wanaokwenda, gharama imepimwa: mwaka 2013 Lindy Rossow na wenzake walichapisha habari za mtunisha misuli mmoja asiyetumia dawa, wakamfuata miezi 6 kabla ya shindano na 6 baada yake. Mafuta yake yalishuka kutoka karibu asilimia 15 hadi chini ya 5. Mapigo ya moyo yalitoka 53 kwa dakika yakafika 27. Testosteroni ilianguka hadi robo ya ilivyokuwa. Homoni ilirudi ndani ya miezi ile sita ya baadaye, lakini nguvu zake zilikuwa bado hazijarudi kikamilifu. Huyo ni bingwa anayejua anachokifanya. Kijana anayejikausha hivyo ili apige picha moja ya tumbo anafaa aulizwe na wenzake kulikoni.

Kalenda ya huku kwetu

Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, ukiondoa maeneo kama Rungwe ambako mvua haina adabu ya kusubiri msimu. Kwa wengi mavuno yanaanza Mei. Kyela na Usangu wanatoa mpunga, Mbozi na Iringa mahindi na maharage, na Njombe viazi. Halafu inaingia baridi, watu wanavaa masweta, kazi za shamba zinapungua, jioni hakuna kinachokuvuta nje. Ukitaka kubuni mazingira ya kujazia mwili, sijui ungeongeza nini. Kwa hiyo Mei hadi mwisho wa Novemba ni miezi saba, wiki 30. Kwa mwendo wa gramu 175 kwa wiki, yule ndugu yetu wa kilo 70 anamaliza akiwa na 75. Akiwa makini, pengine zaidi kidogo ya 1 ni misuli na karibu 4 ni mafuta, na mafuta ya kilo 4 hayahitaji vita.

Baridi ina mtego wake mdogo. Chai inakuwa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, na maandazi hayako mbali. Kwa mtu anayehitaji kalori 200 tu za ziada, chai hiyo imeshazimaliza kabla ya maziwa na yai. Sweta nalo linaficha kiuno vizuri mno, ndiyo sababu ya ile futi kamba.

Desemba msijaribu kukausha. Nasema kwa kuwaonea huruma. Kuna Krismasi, kuna harusi, kuna safari ya kijijini ambako bibi anakupokea na kauli moja, "mjukuu wangu, umekonda," hata kama umeongeza kilo 5. Kumkatalia bibi chakula chake kwa sababu ya kalori ni utovu wa adabu. Mwezi huo shikilia tu: usijaze, usikauke, kula kiasi chako cha kawaida na sikukuu zipite. Mwili wenyewe unafaidika kuzoea uzito mpya kabla ya kuanza kuupunguza.

Kukausha kuanze katikati ya Januari, kuishie Pasaka. Chakula kimepanda bei, sherehe zimekwisha, na kwa Wakristo wengi wa huku Kwaresima inaingia katikati ya kipindi hicho. Mtu anayefunga pombe na nyama hahitaji kueleza kwa nini hanywi. Kwa Waislamu, Ramadhani huwahi kwa siku 11 hivi kila mwaka, hivyo haikai mahali pamoja, ila mwaka 2026 imekutana na Kwaresima katikati ya Februari. Ikiangukia kwenye kukausha, mazoezi yafanywe baada ya futari kidogo, na protini igawanywe kati ya futari, chakula cha usiku na daku. Ikiangukia kwenye kujaza, usihangaike kujaza. Shikilia mwezi mmoja kisha uendelee.

Kwa wa Iringa na Njombe kuna kikwazo ambacho video za ng'ambo haziwezi kukitaja: mvua ndiyo msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Sitamwambia mtu asiuguse. Lakini pombe ni kalori, na anayepunguza kalori 400 kwa siku kisha Jumamosi akanywa bia tatu za nusu lita amerudisha 600, kabla ya kitimoto haijafika mezani.

Anayelima kwa mikono yake asome kalenda hii kwa namna nyingine. Kuanzia Novemba mpaka palizi inapoisha, jembe linamtumia nguvu nyingi kuliko jimu yoyote. Akijaribu kushika ratiba ya siku tano za vyuma atachoka, na akijaribu kukausha juu ya hapo atapoteza misuli. Bahati nzuri misuli haiondoki kirahisi kama watu wanavyoogopa. Katika utafiti wa Scott Bickel na wenzake wa mwaka 2011, watu walifanya mazoezi wiki 16, kisha kwa wiki 32 baadhi wakapunguza hadi theluthi na wengine hadi moja ya tisa ya kazi ya awali. Vijana wa miaka 20 hadi 35 walilinda ukubwa wa misuli yao hata kwa moja ya tisa. Wenye miaka 60 na zaidi walihitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo mkulima kijana akinyanyua vyuma siku moja kwa wiki, vizito, na kula shibe yake, hana hasara. Kupungua kutakuja chenyewe, jembe linajua kazi hiyo. Akaushe rasmi Februari au Machi, palizi ikiisha, kama kuna kilichobaki cha kukaushwa.

Mwenye shindano hana mjadala na mvua wala mavuno. Anaishika tarehe ya jukwaa na kuhesabu kurudi nyuma wiki 16 hadi 24. Na wa Kyela, kule chini ziwani kwenye joto la mwaka mzima, mashati yanavuliwa Juni kama Ulaya. Hoja ya sweta haiwahusu, ya bei ya mpunga inawahusu.

Kiazi

Kama kuna chakula ambacho Nyanda za Juu Kusini tumepewa kwa ajili ya kukausha, ni kiazi mviringo, na tunakiharibu kwa mafuta. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye kalori sawa, wakapima nani anabaki ameshiba kwa saa mbili. Mkate mweupe ulipewa alama 100. Kiazi cha kuchemsha kilipata 323, juu ya vyote, kikiacha nyuma nyama, samaki na maharage.

Ukichemsha nusu kilo ya viazi unapata kalori 430 hivi, na sahani iliyojaa. Gramu 200 za unga wa sembe, ambazo kwa kijana mwenye njaa ni ugali wa kawaida, ni kalori 720. Viazi vilevile ukivikaanga chipsi, kila gramu 100 inafikia kama 300, na hapo mayai hayajapigwa juu yake. Kwa hiyo Februari, viazi vya kuchemsha, dagaa au maharage, na mboga ya majani isiyoogeleshwa mafuta. Mapishi haya hayana mbwembwe, ila yanakutoa kwenye njaa ya saa nne usiku, na njaa hiyo ndiyo inayovunja ratiba nyingi.

Juni mambo yageuke. Anayeshindwa kufikisha kalori kwa sababu tumbo linajaa mapema asiongeze viazi. Aongeze parachichi la Njombe au Rungwe, ambalo kila gramu 100 zina kalori kama 160, konzi ya karanga, maziwa, au kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti juu ya maharage, kalori 120 bila kujisikia umekula kitu.

Mizani isikutishe

Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli hushika maji, takriban gramu 3 kwa kila gramu ya wanga. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kukausha mtu anapoteza kilo 2 na kushangilia, wiki ya tatu mizani inagoma na kuvunjika moyo. Zile kilo 2 nyingi zilikuwa maji, na ile ya kugoma mara nyingi ni maji pia yanayofunika mafuta yanayoendelea kuondoka. Pima asubuhi kadhaa kwa wiki, chukua wastani, linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita. Wiki tatu zikipita wastani haujashuka na kiuno hakijasogea, hapo punguza kalori 150 hivi. Usipunguze kabla.

Wanawake wana la ziada. Maji hupanda na kushuka kwa mzunguko wa mwezi, hivyo linganisha wiki ya mzunguko huu na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita. Na hedhi ikikatika wakati wa kukausha, hicho si kipimo cha kukomaa kimazoezi kama baadhi ya makocha wanavyosema. Mwili umefunga shughuli hiyo kwa kukosa nishati, mifupa nayo inaathirika, na kukausha kuishie siku hiyo, kisha daktari aonwe.

Kutoka

Walioharibu mwaka mzima wa kazi wengi wameuharibu wiki nne baada ya Pasaka. Mwili uliotoka kwenye upungufu unadai, na unadai zaidi ya ulichoukopa. Hili lilionekana wazi Minnesota, Marekani, mwaka 1945, Ancel Keys alipowapunguzia chakula wanaume 36 kwa wiki 24 hadi wakapoteza karibu robo ya uzito. Walipofunguliwa kula watakavyo, walikula mpaka mafuta yao yakapita kiwango cha mwanzo, huku misuli ikirudi polepole kuliko mafuta.

Basi baada ya Pasaka usirukie kujaza. Rudisha kalori 200 hadi 300 wiki ya kwanza, kwa kawaida ni kile kipande cha ugali ulichokuwa umekiondoa mchana. Wiki inayofuata ongeza nyingine kama hizo kama bado uko chini ya mlo wako wa kawaida. Mizani itapanda kilo moja au mbili upesi, wanga na maji vikirudi kwenye misuli. Hayo si mafuta, usianze kukausha upya. Kaa hapo wiki tatu au nne mpaka uzito utulie. Asubuhi moja ya Mei pima kiuno tena, andika, halafu ongeza maziwa na yai.